Dari ya Zamani Haivunjwi, Hufunguliwa

Nyumba ipo Lindi mjini, si mbali na pwani. Ni ya ghorofa moja, ya tangu kabla ya Uhuru: chini duka na sebule, juu vyumba 3 na ujia. Dari ya chini ni zege lililopakwa rangi nzito yenye vinundu, kama ganda la stafeli. Dari ya juu ni bodi bapa za kijivu, ngumu, zilizopigiliwa kwenye mbao, na maungio yake yamefunikwa kwa mbao nyembamba. Kati ya bodi hizo na mabati wanaishi popo. Fedha ya korosho ilipoingia, wenye nyumba wakataka dari zote zitoke, iwekwe jipsamu. Kwa mdomo ilikuwa kazi ya siku 1: nyundo 2, mtarimbo, vijana 4 na kirikuu ya kubeba kifusi. Ilichukua siku 11, na 2 kati ya hizo zilikwenda kusafisha uchafu wa saa moja ya kwanza.

Saa hiyo ilikuwa hivi. Kijana alipanda mezani, akapiga bodi katikati kwa nyundo. Haikubonyea kama silingi bodi ya kawaida. Ililia kama kigae, ikapasuka vipande, na kinyesi cha popo cha miaka na miaka kikashuka nayo. Dirisha la upande wa bahari lilikuwa wazi. Upepo ukalibeba vumbi, ukalipitisha ujiani, likashuka ngazi hadi jikoni kwenye sufuria za watu. Tulikohoa, tukacheka, tukajifunga vitambaa puani. Mpaka fundi mmoja mtu mzima alipookota kipande, akakigeuza kuangalia pale kilipovunjika, akasema, "Shukeni wote. Mtu asifagie." Kwenye ukingo zilichomoza nyuzi nyeupe, laini kama ndevu za hindi.

Bodi za namna hiyo ni saruji iliyochanganywa na asbesto, madini yenye nyuzi. Zikiwa nzima, nyuzi zimeshikwa na saruji na hazimsumbui anayelala chini yake. Zikivunjwa, zikikatwa kwa msumeno, zikitobolewa au kupigwa msasa, nyuzi zinaachiwa, nyingi nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Hazina harufu. Hazikwaruzi koo. Huelea hewani kwa saa nyingi, na zikifika ndani kabisa ya mapafu nyingi hazitoki. Magonjwa yake ni makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesothelioma, yaani saratani ya utando unaoyazunguka mapafu. Huja baada ya miaka 20, 30, hata 40. Kile kikohozi chetu cha asubuhi kilitokana na kinyesi na vumbi la kawaida. Asbesto haikohozi mtu siku hiyo hiyo. Ndiyo maana fundi atakuapia kwamba amevunja dari kama hizo kumi na yupo mzima.

Kinyesi cha popo nacho si cha kudharau. Kikiwa kikavu kinaweza kubeba kuvu wa histoplasma, na anayevuta vumbi lake anaweza kuugua mapafu ndani ya wiki chache. Ugonjwa huo ni rahisi kufananishwa na kifua kikuu, kwa hiyo aliyeshika kazi ya darini kisha akapata homa na kikohozi amwambie daktari alikuwa anafanya nini.

Kuikisia bodi kabla ya kuivunja si kazi ngumu. Bonyeza kwa kucha sehemu isiyo na rangi, hasa pembeni mwa mlango wa kupandia darini. Silingi bodi laini itaingia kucha. Hadibodi ni ya kahawia na nyuma ina alama kama za wavu. Jipsamu ina karatasi pande zote mbili. Bodi ya saruji na asbesto haiingii kucha, ni ya kijivu, na ina ubaridi wa saruji. Kama nyumba ni ya zamani na huna namna ya kupeleka sampuli maabara, chukulia kwamba ni asbesto, ufanye kazi hivyo. Ukikosea, utakuwa umepoteza maji na nailoni tu. Anayepeleka sampuli alowanishe kwanza kona iliyojificha, akate kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, akitie kwenye mifuko 2 ya kufungika, mmoja ndani ya mwingine, kisha azibe tundu kwa puti au rangi nzito.

Rangi ya vinundu tuliichukulia hivyo hivyo. Uingereza na Marekani rangi hizo zilikuwa zinatiwa asbesto nyeupe, kwa kawaida asilimia chache, hadi kuingia miaka ya 1980. Na Uingereza haikuipiga marufuku asbesto nyeupe kabisa hadi 1999. Mkebe ulioshuka bandarini miaka ile haukuwa na sababu ya kuwa msafi kuliko uliobaki kwao.

Swali ambalo tungepaswa kuuliza kabla ya kununua hata msumari ni hili: lazima itoke? Bodi ya asbesto nzima, iliyopakwa rangi, isiyovuja maji, ni salama zaidi ikiachwa ilipo na kupakwa rangi tena. Ya juu ilibidi itoke. Kinyesi kilikuwa kimeilemea, imelegea katikati kama kitanda cha kamba, na bodi 3 tayari zilikuwa na nyufa. Ya chini haikuwa na sababu yoyote zaidi ya kuchukiza macho. Uamuzi wa kuziweka dari mbili hizi kwenye kapu moja ndio uliotugharimu zaidi, nitaueleza mbele.

Kusafisha uchafu wa ile saa ya kwanza: chumba kilifungwa hadi kesho yake ili vumbi litue. Kisha waliingia watu 2 wenye barakoa, wakanyunyiza kila kitu hadi kikawa kama udongo baada ya mvua, wakaokota vipande kwa mkono wenye glavu, wakafuta ngazi na jiko kwa matambara mabichi. Tambara likichafuka linatupwa kwenye mfuko, halisuuzwi na kurudishwa. Ufagio hauguswi. Nguo za wale vijana 4 zilikwenda kwenye mfuko wa taka pia, na hapo palikuwa na maneno, maana mmoja alivaa jezi anayoipenda. Lakini nguo ile ikifika nyumbani, anayeikung'uta na kuifua ni mkewe au mama yake. Wapo wanawake walioumwa mesothelioma bila kukanyaga eneo la kazi, kwa kufua nguo za waume zao.

Kazi ikaanza upya, na ilipaswa kuanza kwa karatasi, yaani vibali. Asbesto ni taka hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka taka za aina hiyo zishughulikiwe kwa kibali. Anza na afisa mazingira wa halmashauri yako. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lina ofisi ya Kanda ya Kusini pale Mtwara. Uliza mambo mawili kabla hujafungua bodi hata moja: mzigo utakwenda wapi, na gari gani linaruhusiwa kuubeba. Sisi tuliuliza bodi zikiwa tayari chini, zikalala stoo wiki 3.

Halafu popo. Kaeni nje jua linapozama, watu 2, kila mmoja upande wake wa nyumba, mwone wanatokea tundu gani. Wakiwa na vitoto visivyoweza kuruka, subiri. Ukiziba mapema vitafia humo na harufu yake itakaa muda mrefu. Kama hakuna vitoto, ziba matundu yote isipokuwa moja. Hilo moja litundikie kipande cha wavu mwororo au nailoni juu na pembeni, chini pawe wazi, kianguke kama pazia nusu mita chini ya tundu. Anayetoka anateleza na kushuka, anayerudi hapati mlango. Baada ya siku 4 au 5 ziba na hilo.

Vifaa vya chumba kimoja cha mita 4 kwa 3.6 vilikuwa hivi. Eneo ni mita za mraba 14.4, yaani bodi 5 za futi 8 kwa 4. Bodi moja ina kilo 20 hadi 30 kutegemea unene, kwa hiyo haishushwi na mtu mmoja. Nailoni nzito ya ujenzi, geji 1000: vipande 2 vya mita 4.6 kwa 4.2 vya kutandika sakafuni tabaka mbili, ukingo ukipanda ukutani sentimita 30 na kubanwa kwa tepu pana. Na vipande 6 vya mita 3 kwa 3 vya kufungia bodi. Ovaroli za kutupa zenye kofia. Glavu. Mabuti ya mpira yasiyo na kamba, maana kamba hunasa nyuzi. Ndoo, matambara mengi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tochi za kichwani, kwa sababu umeme unazimwa kwenye meni swichi. Nyaya za zamani zimelala juu ya bodi na mpira wake umeshakauka na kupasuka, na kazi yote ni ya maji.

Barakoa ndiyo iliyokula fedha, kwa pamoja na nailoni zilizidi ujira wa vijana. Ile ya buluu ya hospitali haifai. Kitambaa na khanga havifai kabisa, hata kama ndivyo watu wanavyojifunga wakati wa kupulizia salfa kwenye mikorosho. Barakoa ya kuchuja vumbi yenye alama N95 ni afadhali kuliko kitambaa, lakini kinachotakiwa ni yenye alama FFP3, inayochuja zaidi, au barakoa ya mpira yenye vichujio vya P3 au P100. Nayo inashika kwenye ngozi tupu. Mwenye ndevu hewa inampitia pembeni, kwa hiyo mzee wetu mwenye ndevu zake alipewa kazi ya nje: kupokea mizigo iliyokwisha kufungwa, kuchota maji, kuzuia watoto.

Kunyunyiza tulitumia bomba la mgongoni la lita 16, jipya. Bomba lililowahi kubeba sumu ya shambani lisiingie ndani ya nyumba. Na mtu asije na ile mashine ya injini ya kupulizia salfa, kama mmoja alivyopendekeza kwa nia njema ili kazi iende haraka. Ile inapuliza upepo, na upepo ndio adui. Maji yenye kijiko kimoja cha sabuni kwa kila lita 5 hupenya vizuri kuliko maji matupu. Mdomo wa bomba utoe maji kama umande, si kama mshale. Bomba moja lilitosha kulowanisha chumba mara 2.

Tulianza saa 12 asubuhi, kabla upepo wa baharini haujachangamka, na saa 4 tunafunga. Ndani ya ovaroli, kwenye joto la Lindi na madirisha yamezibwa, mtu mzima haendi zaidi ya dakika 45 bila kutoka. Anayezidiwa huvuta barakoa shingoni apumue, na hapo kazi yote ya kujikinga imekwisha.

Kinyesi kinatoka kwanza, kutoka juu. Mtu anapita juu ya kenchi kwenye mbao iliyolazwa, kamwe si juu ya bodi. Asbesto haibebi mtu, inakatika bila kutoa sauti ya onyo. Kinanyunyizwa kidogo, kinakusanywa kwa kijiko cha plastiki kwenye mfuko. Nasema kidogo kwa sababu kinyesi kikinywa maji kinaongezeka uzito. Chumba cha kwanza tuliloweka sana, na bodi moja ikaanza kushuka yenyewe kabla hatujaishika.

Sasa bodi yenyewe. Kwanza zinakuja nguzo 2 za T, mbao za 2 kwa 2, urefu wake sentimita 1 kuzidi kimo cha chumba, zinabanwa chini ya bodi zikiwa zimelala kidogo. Hili linafanyika kabla ya kung'oa mbao za kufunika maungio. Kwa nyumba za bara huenda ukachelewa bila madhara, pwani hapana. Chumvi imekula misumari, vichwa vimebaki kutu tupu, na mara nyingi kinachoshika bodi ni zile mbao nyembamba peke yake. Ukizing'oa kwanza, kilo 25 zinakuangukia. Nguzo zikishakaza, nyunyiza uso wote, ngoja dakika 10, nyunyiza tena kwenye maungio. Ondoa mbao nyembamba taratibu kwa tindo bapa, ukiegemeza tindo kwenye mbao, si kwenye bodi.

Msumari hauvutwi kwa makucha ya nyundo, kwa sababu nyundo hutafuta mahali pa kuegemea na itaegemea kwenye bodi. Tumia koleo la kukatia, shika kichwa, kikate. Kichwa kilichozama kwenye rangi, weka tone la maji, kichokonoe kwa ncha ya bisibisi hadi koleo lishike. Bodi ikiwa na misumari 28 fanya misumari 28. Kijana wa kwanza alipofika wa 20 alivuta bodi ili imalizike, kona ikabaki darini. Vichwa vikiisha, watu 2 wanashika pande za urefu, wawili wanalegeza nguzo kwa pamoja, bodi inateremka nzima kama mtu anavyoshusha mlango. Inalowanishwa upande wa juu, ambao haujapata maji, na kulazwa kwenye nailoni. Bodi 2 kwa furushi moja. Zikiwa 3 furushi halibebeki kwenye ngazi. Fungia tabaka la kwanza, tepu, futa kwa tambara bichi, fungia la pili, andika kwa kalamu nzito: ASBESTO, USIFUNGUE.

Chumba cha kwanza kilichukua siku 2. Cha tatu kilichukua asubuhi 1. Hapo ndipo ningependa mwenye nyumba anisikilize: lipa kwa siku, usilipe kwa chumba. Anayelipwa kwa chumba atavuta kona.

Kutoka kuna utaratibu wake. Mlangoni pana tambara bichi la kukanyaga. Ovaroli inafutwa ikiwa mwilini, inavuliwa kwa kukunjiwa nje-ndani kuanzia begani, inaingia mfukoni pamoja na glavu. Barakoa inavuliwa mwisho. Kisha kuoga, na maji ya bomba ya mradi wa Ng'apa siku hizo yalikuwepo, ashukuriwe Mungu. Baada ya bodi zote kutoka, mbao na kuta zinafutwa kwa matambara mabichi kutoka juu kwenda chini, nailoni ya sakafuni inanyunyizwa na kukunjwa kuelekea katikati. Usiku rudi na tochi, ilaze karibu na sakafu. Vumbi la kuonekana lililobaki litaonyesha kivuli, na kama lipo unafuta tena.

Jirani mmoja, bibi mwenye heshima zake, aliona mafurushi yanashuka.

"Mwanangu, hizo mnazitupa? Nipeni mbili tu niezekee banda la kuku."

"Shikamoo bibi. Hizi zina sumu, hatuwezi kukupa."

"Marahaba. Sumu gani? Si walikuwa wanalala chini yake miaka yote?"

Swali zuri, na jibu lake tulimpa pale barazani: zikiwa nzima, juu, hazijaguswa, walilala salama, zikikatwa kutoshea banda la kuku, ni habari nyingine. Hatukumshawishi sana. Stoo ikafungwa kwa kufuli, maana bodi nzima hazikai nje siku 2 bila kupata mwenyewe. Zisizikwe uani, zisichomwe, zisipondwe kuwa kifusi cha msingi.

Ya chini, ile ya vinundu. Mpango ulikuwa kulowanisha na kukwangua kwa skrepa pana ya inchi 6. Kwa rangi ya maji njia hiyo inafanya kazi: nyunyiza, ngoja dakika 15 hadi 20, nyunyiza tena, kwangua ikiwa laini kama uji mzito, na kamwe usipige msasa mkavu. Sisi tulinyunyiza, maji yakatiririka hadi viwikoni. Mtu fulani miaka ya nyuma aliipaka rangi ya mafuta juu yake, maji hayaingii. Kijana akataka kuikwaruza mistari ili maji yapite, na rangi za mafuta za zamani mara nyingi huwa pia na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Siku nzima ikaishia kwenye mabishano na kipande cha nusu mita ya mraba kilichokwanguka kama magamba ya samaki mkavu.

Ndipo tukaacha, na tungeacha tangu siku ya kwanza. Sehemu 2 zilizokuwa zinabanduka zililowanishwa, zikaondolewa, zikapakwa rangi ya kufungia. Zilizobaki zilifunikwa kwa jipsamu ya milimita 9 kwenye fremu ya chuma, chaneli kila sentimita 40. Mzigo mwingi tuliufunga kwenye kuta za pembeni ili kupunguza matundu kwenye zege. Palipolazimu kutoboa, tulipaka bonge la povu la kunyolea ndevu, tukatoboa polepole kupitia katikati ya povu, likanasa vumbi lote, likafutwa kwa tambara bichi. Matundu 12 kwa sebule nzima.

Juu, matundu ya hewa chini ya mabati yaliwekwa wavu wa chuma wa robo inchi kabla ya jipsamu kupanda. Chini, ndani ya mlango wa boksi la meni swichi, ambako kila fundi umeme hufungua kabla ya kazi, ilibandikwa karatasi iliyofunikwa kwa tepu: "Sebuleni juu ya jipsamu kuna rangi ya vinundu, huenda ina asbesto. Usitoboe zege. Usikwangue." Na tarehe.